Ungo wa Mbinguni

Tumelelewa tukiambiwa kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Sina ugomvi na methali hiyo, wala sikusudii kuipinga mbele ya wakubwa. Lakini viko vitu katika ulimwengu huu ambavyo kujiunga na wenzake hugharimu akiba yote ya kesho. Vitu hivyo ni galaksi, yale makusanyo makubwa ya nyota yaliyotawanyika angani. Galaksi iliyoishi peke yake miaka mingi, ikiingia katika kundi la galaksi nyingine, hupoteza gesi yake na vumbi lake, na baada ya hapo haizai tena nyota mpya. Nataka kusimulia jinsi wanadamu walivyokuja kuifahamu habari hiyo, kwa sababu sehemu moja kubwa ya hadithi yenyewe ilianzia baharini kwetu, kaskazini ya Malindi, na ni wachache miongoni mwetu walioisimuliwa.

Kwanza tuelewane juu ya galaksi. Sisi tumo ndani ya mojawapo, ile tuiitayo Njia ya Maziwa, na nyota zake huhesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Lakini galaksi si nyota peke yake. Baina ya nyota na nyota kuna gesi, ambayo sehemu yake kubwa ni haidrojeni, na ndani ya gesi hiyo kuna vumbi laini, chembe zake ndogo kama za moshi. Chembe hizo ni za kaboni na za madini ya jamii ya mchanga, na nyingi hutupwa nje na nyota zinapozeeka na kufa. Gesi ndiyo unga wa nyumba hiyo. Inapopoa na kujikusanya mahali pamoja, hujivuta kwa uzito wake wenyewe mpaka nyota mpya ikawaka. Vumbi nalo ni kivuli: huikinga gesi na miale mikali, ikaweza kupoa vizuri. Basi galaksi yenye gesi na vumbi ni sawa na nyumba inayosikika sauti za watoto wachanga. Nyota zake kubwa za buluu hung'aa sana, hufa mapema, na nyingine huzaliwa mahali pao. Unga ukiisha, zile za buluu hutoweka kwanza, wakabaki wazee wa rangi ya machungwa na nyekundu, ambao huishi mabilioni ya miaka bila mrithi.

Tangu zamani wanafalaki waliona jambo lisilo la kawaida. Mwaka 1931 Edwin Hubble na Milton Humason, wakifanya kazi Marekani, waliandika kwamba katika makundi makubwa ya galaksi, aina inayotawala ni ile isiyo na mikono ya kuzunguka kama parafujo, iliyo kimya, isiyozaa. Zile zenye mikono ya buluu zilipatikana zaidi mashambani, tuseme, mbali na msongamano. Mwaka 1980 Alan Dressler alilipima jambo hilo kwa kuhesabu galaksi zipatazo 6,000 katika makundi 55. Alikuta kwamba kadiri mahali palivyosongamana, ndivyo galaksi zenye mikono zilivyopungua. Swali likawa: je, mjini huzaliwa watu wa namna nyingine, au ni mji wenyewe unaowabadilisha wanaohamia?

Jibu la kwanza lililokuwa na uzito lilitolewa mwaka 1951 na Lyman Spitzer pamoja na Walter Baade. Walisema kwamba ndani ya makundi, galaksi lazima hugongana. Msomaji asiogope akadhani nyota hupasukiana. Nyota ziko mbalimbali mno, kiasi kwamba galaksi mbili zaweza kupenyana na kuachana bila nyota hata moja kugusa nyingine. Gesi ndiyo isiyoweza kupishana, kwani imetandaa kila mahali kama ukungu. Gesi ya huyu hukutana na gesi ya yule, zikasimamishana, na galaksi zenyewe zikaendelea na safari zikiwa zimeacha nyuma mizigo yao. Wazo hilo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na kasoro moja. Lilichukulia kwamba nafasi iliyo kati ya galaksi na galaksi ni tupu kabisa, na kwamba hatari iko pale tu zinapogongana. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kuonyesha vinginevyo.

Hapa ndipo hadithi inapofika pwani yetu. Katika miaka ya 1960 Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Moja liliitwa San Marco, nalo lilikuwa la kurushia roketi. Jingine, Santa Rita, lilikuwa la waongozaji. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na Ikweta. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Tena setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta haipiti sana katika maeneo yenye chembe za umeme zinazovuruga vipimo. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka pale. Wazee wa sehemu zile niliobahatika kuzungumza nao waliukumbuka ule moto na ngurumo yake juu ya maji. Kuhusu kilichokuwa kichwani mwa roketi, hakuna aliyewaeleza.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka pale San Marco ikiwa imebeba setilaiti ndogo yenye uzito wa kilo 140 hivi. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kwa niaba ya NASA, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kazi moja tu, kupima eksirei zitokazo mbinguni. Eksirei za angani hazifiki chini, hewa yetu huzizuia, na heri kwetu kwamba huzizuia. Anayetaka kuziona hana budi apande juu ya hewa.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Vingi vilikuwa nyota za ajabu za galaksi yetu. Lakini baadhi vilitoka katika makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Coma, lile la Perseus, na lile lililo upande wa buruji ya Mashuke, ambayo wazee wa kalenda ya nyota huiita Sumbula. Roketi ndogo zilikuwa zimeshaonja dalili hizo kabla. Kilichoonekana safari hii ni kwamba mng'ao haukutoka katika nukta moja. Ulikuwa umetandaa kote, ukijaza nafasi iliyodhaniwa tupu. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni haya: katikati ya galaksi hizo kuna gesi nyembamba mno yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Leo twajua kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo huzidi kwa uzito nyota zote za galaksi zake zikijumlishwa pamoja. Kumbe galaksi hazikuwa zikielea katika utupu. Zilikuwa zikiogelea.

Mwaka 1972 wanafalaki wawili, James Gunn na Richard Gott, walichapisha makala yenye hesabu fupi inayotumika mpaka leo. Walijiuliza: ikiwa kundi limejaa gesi, je, galaksi inayoanguka ndani yake kwa kasi itapatwa na nini? Fikiria mtu aliyepanda nyuma ya lori siku isiyo na upepo hata kidogo. Lori likishika kasi, kofia yake hupeperuka. Upepo haukuvuma, yeye ndiye aliyekwenda kuukuta. Ndivyo ilivyo kwa galaksi. Gesi ya kundi imetulia mahali pake, lakini kwa galaksi inayoingia mbio, gesi hiyo huwa kimbunga usoni. Nguvu ya kimbunga hicho hutokana na mambo mawili, wingi wa gesi na mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Mimi husaidiwa zaidi na picha ya ungo. Mama akipepeta mpunga uliotwangwa, hurusha juu mchele na makapi kwa pamoja. Upepo ni ule ule kwa vyote viwili. Mchele ni mzito na umeshikamana, basi hurudi ungoni. Makapi ni mapana na mepesi, basi huenda. Nyota ni mchele: kila moja ni punje iliyoshikamana sana, na upepo wa angani haiwezi kuisogeza. Gesi na vumbi ni makapi. Tofauti ni moja, nayo ni chungu. Mama hupeta ili abakize kinachofaa. Huko mbinguni kinachopeperushwa ndicho mbegu, na kinachobaki ungoni ni kile kisichoota tena.

Pengine msomaji atauliza, gesi nyembamba hivyo yaweza kweli kusukuma kitu? Swali ni la haki. Katika mita moja ya ujazo ya gesi ya namna hiyo mna chembe elfu moja hivi tu. Utupu bora kabisa uliowahi kutengenezwa maabara ni mzito kuliko huo. Lakini kasi nayo si ya mchezo. Galaksi katika kundi kubwa huenda kilomita 1,000 kwa sekunde, hata zaidi. Kwa mwendo huo, Mombasa hadi Nairobi ni nusu sekunde. Na safari yenyewe huchukua mamia ya mamilioni ya miaka. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Hesabu peke yake haitoshi, ushahidi ulihitajika. Ulikuja kwa njia ya redio. Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Kijerumani, kijana mmoja aitwaye Hendrik van de Hulst alikokotoa kwamba haidrojeni baridi lazima itoe mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21. Mwaka 1951 mawimbi hayo yalinaswa Marekani, na tangu hapo gesi ya galaksi iliweza kupimwa kama mtu apimavyo mafuta katika tangi. Mwaka 1973 R. D. Davies na B. M. Lewis walionyesha kwamba galaksi za kundi la Mashuke zina haidrojeni pungufu kuliko zile za upweke. Katika miaka ya 1980 Riccardo Giovanelli na Martha Haynes, wakitumia darubini kubwa ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, walithibitisha upungufu huo katika makundi kadhaa. Kisha ramani za redio zikaonyesha jambo lililoondoa shaka. Katika galaksi zilizo karibu na kitovu cha kundi la Mashuke, sahani ya gesi ilikuwa imekatwa pande zote, ikabaki kipande kidogo katikati, ilhali sahani ya nyota ilikuwa nzima. Mwizi alianza pindoni, ambako uzito wa galaksi haushiki sana, akaelekea ndani. Mgongano wa galaksi mbili ungevuruga na nyota pia. Upepo peke yake ndio uchukuao gesi bila kugusa nyota.

Na vumbi je? Vumbi ni kidogo, mara nyingi uzito wake ni sehemu moja tu katika mia ya uzito wa gesi, nalo ni baridi, halionekani isipokuwa kwa chombo maalumu. Mwaka 2009 shirika la anga la Ulaya lilirusha darubini iliyoitwa Herschel, yenye kioo cha upana wa mita 3.5, ikafanya kazi hadi mwaka 2013. Katika kundi la Mashuke ilionyesha kwamba galaksi zilizopungukiwa na haidrojeni zimepungukiwa na vumbi pia, na kwamba sahani ya vumbi imekatwa pindoni kama ile ya gesi. Vumbi halikuweza kujishikilia. Liliondoka na mwenyeji wake. Gesi nzito na baridi iliyo ndani kabisa ndiyo inayostahimili zaidi, lakini nayo haina wa kuiongezea.

Nimesema habari ya makundi makubwa, kumbe galaksi nyingi huishi katika makundi madogo, ya wachache, kama ukoo. Huko gesi ya moto ni nyembamba zaidi na mwendo ni wa polepole. Galaksi iendayo kilomita 250 kwa sekunde badala ya 1,000 hupata sehemu moja tu ya kumi na sita ya msukumo ule, hata kama gesi ingekuwa sawa. Lakini njia za kufilisika ni nyingi. Mwaka 1980 Richard Larson, Beatrice Tinsley na Nelson Caldwell walieleza mojawapo ambayo haina kishindo. Galaksi huzungukwa na gesi ya akiba inayoshuka polepole na kujaza ghala lake. Ikiingia katika kundi, akiba hiyo ya nje ndiyo inayochukuliwa kwanza. Galaksi huendelea kuzaa nyota kwa kile kilichomo ndani, bila mtu kuona tofauti, mpaka siku ghala linapokwisha. Tinsley, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia New Zealand, alikufa mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 40. Wazo hilo limeishi kuliko yeye.

Njia nyingine ni kuvutana. Umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi kutoka kwetu kuna kikundi cha galaksi ya M81. Kwenye picha za kawaida, M81 na majirani zake M82 na NGC 3077 ni majirani wenye adabu, kila mmoja kwake. Mwaka 1994 ilichapishwa ramani ya haidrojeni yao, na adabu yote ikatoweka: gesi imevutwa huku na huku, madaraja marefu yameunganisha nyumba hizo tatu. Mali imekwisha kutoka ndani ya kuta, na kwa macho ya kawaida hakuna aliyejua.

Sisi wenyewe hatuna mikono safi. Msomaji aliyeko Lindi au Mtwara, jioni isiyo na mwezi ya Desemba, akitazama kusini mbali na taa za mji ataona vipande viwili vya mwanga hafifu, kama mawingu yasiyosogea. Hizo ni galaksi mbili ndogo, Mawingu ya Magellan. Mwaka 1974 Don Mathewson na wenzake, wakiwa Australia, walionyesha kwamba nyuma yake kuna mkondo mrefu wa haidrojeni uliozunguka sehemu kubwa ya mbingu. Mawingu hayo yamevutana yenyewe kwa yenyewe, na Njia ya Maziwa na gesi yake ya moto vikachangia. Ukiziacha hizo mbili, galaksi ndogo zilizo karibu nasi, hadi umbali wa miaka ya nuru laki nane au tisa, karibu zote hazina gesi kabisa. Zile za mbali bado zinayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa mwenyeji ndiye sisi.

Lakini nisimalize kwa msiba mtupu. Kinachotolewa hakifutiki. Mwaka 1974 setilaiti ya Waingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka majukwaa yale yale ya San Marco. Mwaka 1976 vipimo vyake vilionyesha alama ya chuma ndani ya gesi ya moto ya kundi la Perseus. Chuma hakikuwako mwanzo wa ulimwengu. Hupikwa ndani ya nyota na katika milipuko yake. Basi gesi ile inayozipokonya galaksi imechanganyika na jasho la galaksi zenyewe, mali iliyotoka majumbani mwa watu na kuwa ya wote. Tena ziko galaksi zinazoonekana leo zikiwa katikati ya kupepetwa, zikiburura mikia kama yavuyavu, yule konyeza wa baharini. Mojawapo, ESO 137-001, ina mkia wa gesi yenye joto wenye urefu wa miaka ya nuru 260,000 hivi, na ndani ya mkia huo zimezaliwa nyota, nje kabisa ya nyumba ya mama yao. Na kule Afrika Kusini, darubini ya redio ya MeerKAT yenye masinia 64, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeshaonyesha mikia ya haidrojeni katika kundi la Fornax. Bara letu linaendelea kuchangia hadithi hii, na safari hii si kwa kuazimisha bahari tu.

Nikiitafakari habari hii, siwazi sana juu ya hasara. Nawaza juu ya ule utupu. Watu wenye akili nyingi walitazama nafasi iliyo kati ya galaksi miaka mingi, wakaona hakuna kitu, wakatafuta sababu mahali pengine. Ilipasa kupanda juu ya hewa, kwa chombo kilichoitwa Uhuru, ili ijulikane kwamba palipoonekana patupu ndipo penye uzito mkubwa kuliko vyote. Watoto wa Malindi na Ngomeni wanastahili kuambiwa hivyo darasani, kwa lugha yao, kama wanavyoambiwa habari za Vasco da Gama na nguzo yake. Nguzo ile huonyesha mgeni alipofika. Yale majukwaa baharini huonyesha mahali ambapo wanadamu walianza kuuona upepo usiovuma.